Kibali cha Lori Lisilorudi

Hadija alinipigia simu asubuhi kunieleza kwamba mama yake amefariki, akaniuliza kama miguu yangu itaweza kunifikisha msibani Unyambwa. Nikamwambia miguu haiulizwi katika jambo kama hilo. Nilijifunga kanga, nikaita bajaji hapa Mwankoko, nikaenda kukaa ndani na wanawake wenzangu huku wanaume wakienda kuzika. Jioni watu walipopungua, wajukuu wakanizunguka wakitaka niwasimulie bibi yao alikuwaje zamani. Niliwapa ya kuchekesha: jinsi alivyomfukuza mwizi wa kuku kwa mwiko, jinsi alivyokataa katakata kuonja nyama ya kopo. Ya nafasi ya lori sikuwapa. Lakini wakati wa kurudi bajaji ilishika mtaa ule wa zamani karibu na soko. Mbele ya lililokuwa duka la Mama Hadija sasa pamejaa bodaboda na vibanda vya vocha, na dereva akataka kugeuzia hapo hapo. Nikamshika bega. "Usipite hapo, mwanangu. Zunguka." Akanitazama kwenye kioo. "Kuna nini, bibi?" Nikamwambia azunguke tu. Mimi nimelelewa na masista, mizimu siiamini hata kidogo, na mtu akinisimulia habari za majini huwa namuuliza kwanza kama alikuwa amekula. Ila pale sipiti.

Nilifika Singida mjini mwaka wa operesheni ya vijiji, baada ya mavuno, nikitokea Misigiri na cheti changu cha kupiga chapa. Ya nyumbani kwetu nayaacha, hayahusiki hapa. Ofisi ya mji ilinipa kazi katika chumba kimoja na Ndugu Lukasi, afisa wa biashara, na meza yangu ikawa meza ya vibali vya kupakia na kushusha mizigo. Vijana wakisikia hivyo hucheka, lakini kazi ile ilikuwa na uzito wake. Mtaa wa soko ulikuwa mwembamba, malori ya vitunguu, chumvi, ngozi na asali yanaingia wakati mmoja, na kabla ya vibali madereva walikuwa wakigombea nafasi mpaka kuchaniana mashati. Ofisi ikaamua kila mfanyabiashara mwenye lori aombe nafasi yake mbele ya duka. Alileta leseni ya biashara na kadi ya gari. Ndugu Lukasi akaenda na kamba, akapima urefu wa lori, akaongeza pa kufungulia bodi la nyuma, akaweka mawe yaliyopakwa chokaa kwenye pembe, na ukutani kikagongelewa kibati chenye namba. Tangu hapo lori jingine likisimama, askari wa mji analiondoa. Mwisho wa mwaka kila mwenye kibali alirudi kukikata upya, na sharti lilikuwa moja tu, ambalo Ndugu Lukasi alilisema kwa sauti ya mtu anayesoma amri za Mungu: gari lionekane. Lije mbele ya ofisi likiwaka, alizunguke, apige teke gurudumu moja, ndipo mimi nigonge muhuri.

Chumba nilipanga kwa Mama Hadija. Alikuwa na duka la chumvi, vitunguu na vyombo vya bati, na mwanawe Hadija alikuwa ameolewa Tabora, kwa hiyo nyumba ilikuwa kimya. Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka, zamani kilikuwa stoo ya vitunguu, na harufu ile haikuwahi kutoka. Ilikuwa katika mto wangu, katika nywele zangu, mpaka Ndugu Lukasi akawa ananitania kwamba mimi ni mboga. Jioni ya kwanza nilimkuta ametenga ugali wa uwele na mlenda, na bakuli la tatu limefunikwa kawa. Tulikuwa wawili. Nikauliza kama kuna mgeni. "Ni cha Baba Hadija," akasema. "Yuko safarini." Sikuwa na sababu ya kuuliza zaidi, mwenye lori huwa safarini. Asubuhi alimpa hamali mmoja chakula kile, akaliosha bakuli, na jioni akalifunika tena likiwa na chakula kipya. Ilipita wiki ndipo jirani yake, Mama Asha, aliponivuta kando bombani huku ndoo yangu ikifurika. "Binti, hakuna aliyekuambia? Safari gani hiyo ya tangu wakati wa mvua?"

Akanieleza. Mzee Rama, mume wa Mama Hadija, alikuwa ameitwa aende na lori lake kubeba vyombo vya watu waliokuwa wakihamishiwa vijijini huko upande wa Itigi. Utingo wake alikuwa na homa, kwa hiyo alikwenda peke yake. Alishusha mizigo, akapewa uji, akaanza kurudi mchana mawingu yakiwa yametanda. Hakuna aliyemwona tena. Siku ile makorongo yalijaa maji, na waliokwenda kumtafuta walirudi wakisema njia imekatika. Maji yalipopungua walikwenda tena, wakakuta mchanga umetandazwa vizuri kutoka ukingo mpaka ukingo, hakuna gurudumu, hakuna ubao, hakuna hata kamba. "Lori zima, binti," alisema Mama Asha. "Sindano ikipotea utasema imeanguka. Lori je?" Aliniambia pia nisije nikatamka neno marehemu ndani ya nyumba ile. Shangazi mmoja wa Mzee Rama alikuwa amelitamka, akapewa mzigo wake na nauli siku ile ile.

Basi nikaanza kuona nilichokuwa sikioni. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka Mama Hadija alifagia nafasi ya lori, si mbele ya mlango tu, bali yote, kutoka jiwe hadi jiwe, akainyunyizia maji vumbi litulie, kisha akasimamisha ukutani mbao mbili za kuteremshia magunia. Mbao zilikaa hapo mchana kutwa. Jioni akaziingiza ndani. Watoto waliokuwa wakicheza mpira wa matambara mtaa mzima walikuwa wakifika kwenye mawe yale wanazunguka, na mpira ukiingia katikati walitazamana kwanza nani aufuate. Mbuzi wa Mama Asha walilala kila mahali, lakini si pale. Mimi niliyekuwa nikiwaandikia wengine vibali na kujua kwamba nafasi ile kwa sheria ni mita kadhaa za udongo, nilijikuta nami nazunguka, na nilijikasirikia. Nilijaribu siku moja kukatiza makusudi. Nilifika katikati, nikahisi nimesimama mahali ambapo mtu anataka kupita, nikasogea upesi, na Mama Hadija alikuwa dirishani akinitazama. Jioni ile hatukuzungumza sana.

Ukuta kati ya chumba changu na chake ulikuwa mwembamba. Baada ya sala ya isha nilimsikia akizungumza, kwa sauti ile ya mke anayekunja nguo huku akimweleza mumewe ya siku nzima. Chumvi imefika kidogo. Hadija ameandika, mtoto ameota jino. Yule binti wa ofisi ni mvivu wa kuamka lakini ana adabu. Kisha ananyamaza kwa muda wa mtu anayejibiwa, na mara nyingine anacheka kidogo. Nilikuwa nikivuta shuka mpaka masikioni. Leo hii, nikiwa mjane wa miaka mingi, naongea na wangu pia nikichambua mchele, na naona ni jambo la kawaida kabisa. Lakini msichana wa umri ule hajui hayo, na mimi niliogopa, niseme ukweli, niliogopa zaidi ule ukimya wake kuliko maneno.

Njaa ilipokuja, mambo yalibana. Wanaoukumbuka wakati wa mahindi ya njano wanajua ninachosema: ugali wake tuliuita majina ya kila aina na bado tukaupangia foleni. Duka la ushirika la mtaa lilikuwa mkabala na kwa Mama Hadija, kwenye kona iliyobanwa, na lori lililoleta mahindi halikuweza kusimama karibu. Lilisimama huko kwenye tangi la maji, na mahamali wakabeba magunia mgongoni jua kali, wakipita kando ya ile nafasi iliyofagiwa, tupu. Nilisimama katika foleni ile mara nyingi na kusikia yaliyosemwa. "Sisi tunakula vumbi, kivuli kinalindiwa uwanja." "Nyamaza, atakusikia." "Asikie! Kama kuna mtu wa kumwambia, basi amwambie." Mama Asha mwenyewe alikuwa na ulimi mkali kuliko wote. Alisema wazi kwamba ardhi ya mtaa si kaburi. Nilimchukia kwa maneno hayo, kwa sababu jioni alikuwa akija kuomba chumvi kwa Mama Hadija huku akitabasamu.

Viongozi wa duka la ushirika wakaandika ombi la nafasi ile. Hawakuwa na kosa, njaa haingoji. Ndugu Lukasi alilisoma akalilaza mezani, akalisoma tena siku iliyofuata, mwishowe akaniambia tuende naye. Tulimkuta Mama Hadija akipima chumvi. Alitukaribisha viti, akatuletea uji wa ulezi, na Ndugu Lukasi akaunywa wote kabla ya kufungua mdomo. "Dada," akasema, "mwisho wa mwaka unakuja. Gari lionekane."

"Litaonekana," akajibu Mama Hadija.

"Nakuombea iwe hivyo. Lakini lisipoonekana, kibali unakirudisha, na sheria inataka niandike sababu. Kuna tatu tu. Gari limeuzwa, gari limeharibika kabisa, au mwenye gari amefariki. Sina ya nne."

"Halijauzwa."

"Najua."

"Na kama limeharibika, wewe umeliona?"

Ndugu Lukasi alikitazama kikombe kitupu. Mama Hadija aliweka mizani chini, akanielekezea mimi kidole, si kwa ukali. "Sasa unataka nimuue mume wangu kwa kalamu ya huyu mtoto? Shehe ameniambia mwanamke ambaye mumewe hajulikani alipo anangoja. Sina maiti, sina kaburi, sina hata kiatu. Nikisema amekufa, nani atakuwa amemuua? Siyo maji. Ni mimi." Ndugu Lukasi akasimama, akashukuru kwa uji. Njiani hakunitania kuhusu vitunguu. Tulipofika ofisini alilichukua ombi la ushirika akaliweka chini kabisa ya makaratasi mengine, akasema kwa sauti ya kujisemea kwamba mwisho wa mwaka ni mwisho wa mwaka, hawezi kuuvuta zaidi.

Kiangazi kile upepo haukupumzika. Anayeijua Singida anajua upepo wetu, unavyopita katikati ya majabali na kutoa sauti, na ukikaa macho unaweza kuusikia ukisema chochote unachotaka. Mzee Rama alikuwa na desturi yake. Madereva wa zamani walijuana kwa honi, na yake aliinunua kutoka kwenye basi lililochakaa. Ilianza juu ikashuka chini polepole, na watu walisema ni sauti ya ng'ombe anayemwita ndama. Aliipiga akiwa bado kwenye kona ya majabali, nje ya mji. Hapo Mama Hadija alibandika birika, mahamali wakakusanyika, na lori lilipofika chai ilikuwa tayari. Haya nilisimuliwa tu, honi yenyewe sikuwahi kuisikia. Lakini alfajiri moja niliamka nimekaa kitandani, nikiwa na hakika kwamba lori linaunguruma nje, injini imeachwa iwake na dereva hashuki. Nilitoka uani. Mama Hadija alikuwa amesimama pale, kanga kichwani. "Umesikia na wewe?" akaniuliza, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijapenda kuiona tena kwa mtu. Nikasema ni upepo, mama. Akaitikia kwa kichwa, akachukua ufagio.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Ofisi ilifungwa mchana, nikarudi nikakaa kizingitini nachambua maharage, foleni ya mahindi ikiwa mtaani kama kawaida, watu wamekaa juu ya makopo yao. Mvua zilikuwa karibu, hewa nzito. Honi ikalia kutoka kwenye kona ya majabali. Sikuhitaji kuambiwa ni ipi. Ilianza juu, ikashuka polepole, na foleni nzima ikasimama wima. Nilimwona hamali mmoja mzee akivua kofia. Mtu akasema, "Ni yeye," kisha mwingine akapaza sauti, "Jamani, Mzee Rama huyo!" na mwanamke wa kwanza akapiga kigelegele. Wakapokezana, mtaa mzima, na wale waliokuwa wakinung'unika juu ya kivuli ndio waliopiga kwa nguvu zaidi. Mama Hadija alitoka dukani na mikono ina chumvi. Hakukimbia. Alichukua ubao mmoja, akauweka sawa, akachukua wa pili. Mama Asha alikimbilia katikati ya njia, akavua kanga ya begani akawa anaipunga kuliongoza lori: huku, huku, njoo huku.

Likatokea lori la bluu. Mzee Rama alikuwa na la kijani. Nafikiri wote tuliliona hilo mara moja, lakini vigelegele vina kasi yake, havisimami ghafla, na mikono ya watu iliendelea kupunga. Dereva, kijana mgeni, alidhani ameonyeshwa pa kushushia. Akarudi nyuma taratibu, akaingia katikati ya mawe yale ya chokaa, akazima injini. Hapo ndipo sauti ya mwisho ilipokatika. Kijana akashuka akitabasamu kwa mapokezi makubwa namna ile, akaona nyuso, tabasamu likamwisha. "Shikamooni," akasema. "Nimeleta mahindi ya ushirika. Nimekosea?" Hakuna aliyemwitikia marahaba. Mama Hadija aliushusha ubao chini, akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, honi hii umeitoa wapi?"

Alimwingiza ndani, akamkalisha kwenye kiti cha mumewe, na chai ilikuwa kweli imeiva, kwa sababu mkono wake ulikuwa umebandika birika kabla ya kutoka. Mimi nilisimama mlangoni. Kijana aliitwa Yona, Mgogo wa Manyoni. Honi aliinunua kwa fundi mmoja wa huko anayeuza vyuma vya magari. Fundi alimweleza ilikotoka. Wafugaji walikuwa wakichimba kisima cha ng'ombe kwenye mchanga wa korongo, kama wafanyavyo kila kiangazi maji yakishuka chini, na jembe likagonga bati. Walidhani ni pipa. Wakachimba, wakakuta ni kichwa cha lori.

"Mlango wa kushoto ulikuwaje?" akauliza Mama Hadija.

"Fundi alisema ulifungwa kwa waya, ikabidi aukate."

Mzee Rama mwenyewe ndiye aliyeufunga, bawaba ilipovunjika, na mkewe alikuwa amemgombeza siku nyingi autengeneze. Mama Hadija akafuta chumvi mikononi kwa upindo wa kanga. "Na yeye?" akasema.

"Walimzika, mama. Juu ukingoni, yasikofika maji. Fundi alionyeshwa mahali. Walichinja ng'ombe wakamfunga katika ngozi."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wao."

"Walimjua?"

"Hawakumjua, mama. Na kusema hawakusema kwa watu wa serikali, kwa sababu wao wenyewe walikuwa hawajahamia kijijini, wanajificha na mifugo. Mimi sikujua ni ya nani. Ningejua nisingeipiga."

Wenzangu wa huku wanajua maana ya ngozi ile. Zamani alizikwa hivyo mzee mwenye mji wake, mwenye watoto na zizi. Mgeni aliyeokotwa njiani hakupewa. Na mwaka ule wa njaa, watu waliokuwa wakikimbia na ng'ombe wachache waliobaki walichagua mmoja kwa ajili ya dereva wasiyemjua jina. Mama Hadija alikuwa Mwislamu safi, na niliona akipigana na jambo lile moyoni. "Sisi hatuzikwi kwa ngozi," alisema. Akasema tena, "Ng'ombe mzima. Kwa mtu wasiyemjua." Kisha akainuka, akaenda mlangoni mahali ambapo mtaa wote ulikuwa umesimama ukingoja, hakuna aliyesogea, hata askari wa mji aliyekuja kuliondoa lori lisilo na kibali. Akamwambia askari, "Liache. Kibali bado ni changu." Akawaambia mahamali, "Shusheni. Watu wana njaa." Mbao zake mbili zikawekwa, na magunia yakateremka moja moja bila mtu kuongea. Nimesikia mitaa mingi ikiwa kimya katika maisha yangu, wala hakuna ulionitisha kama ule, mchana kweupe, watu wamejaa.

Hakulia. Jioni alitenga mabakuli mawili tu, akala vizuri. Jumapili alifungua duka. Mama Asha alikuja na maneno ya hali ya hewa, akaondoka na maneno yake. Sikujua kama alikuwa ameamini alichosikia au amekikataa, nami niliogopa zaidi kuliko siku zote, maana huko nyuma angalau nilijua anasubiri nini. Usiku ule ukuta haukusema kitu. Jumatatu nilipokuwa napanga mihuri yangu, aliingia ofisini amevaa nguo nzuri, kibali mkononi, na kile kibati cha ukutani amekibandua mwenyewe, misumari imepinda. Ndugu Lukasi alisimama. Mama Hadija hakumtazama yeye. Aliniwekea vitu vile mezani mimi. "Andika," akasema.

Nikachukua kalamu. Ndugu Lukasi akasema kwa sauti ndogo, "Dada, tunaweza kuandika gari limeharibika. Inatosha. Sheria inatosheka."

"Gari sikulipikia chakula," akasema Mama Hadija. "Andika, mwanangu. Mwenye gari amefariki. Ramadhani, mume wangu, amefariki." Alilisema polepole ili niweze kufuata kwa kalamu, akainama kuangalia kama nimeandika, ingawa kusoma alikuwa hajui vizuri. Nikagonga muhuri. Ndugu Lukasi, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, alisema innalillahi kama alivyosikia majirani zake wakisema, akakosea mwisho wake, na Mama Hadija akamsahihisha. Tulimrudisha nyumbani mimi na Ndugu Lukasi, tumemshika huku na huku, na alipofika kizingitini alitoa ile sauti aliyokuwa ameizuia tangu mvua.

Nilidhani itabidi nizunguke nyumba kwa nyumba kutangaza msiba. Sikupata hata nafasi ya kutoka uani. Majirani wakaja. Mikeka ilitandikwa kabla sijaitafuta, na wanaume wakakaa nje kwenye nafasi ya lori, wa kwanza wakisita, kisha wakajaa. Masufuria makubwa yakapita mlangoni. Mwanamke mmoja alileta debe la unga wa mahindi ya njano, mwaka ule ambao mtu alificha unga hata kwa dada yake. Wa mwisho kuingia alikuwa Mama Asha, ana mzigo wa kuni kichwani, na alipoutua nikaona kuni zile ni kavu za siku nyingi, buibui wametandaza nyumba zao kati ya vijiti na kamba imepauka. Mama Hadija naye aliziona. Alinyamaza kulia, akanyoosha mkono akagusa kamba.

"Hizi mlizifunga lini?"

"Tangu mvua ile, dada," akajibu Mama Asha. "Zangu hizi, na unga ule ni wa wote. Tulikuwa tunakusubiri wewe."

Mama Hadija akawatazama mmoja mmoja, wale wote waliokuwa wamenung'unika kwenye foleni. "Mwaka mzima," akasema, "nilidhani nasubiri peke yangu." Kisha akakaa mkekani.